Maji Hayafuti Kila Kitu

Mama msomaji, ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu, Newala, asubuhi ukungu ukiwa umeanza kuondoka, utaona bonde la Ruvuma limelala chini yako mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Maji yako kule chini, sisi tuko huku juu. Ndiyo hali ya uwanda wetu wa Makonde tangu enzi: ardhi inayonyonya mvua yote, juu hapana mto wala ziwa, na wanawake wameteremka na kupanda ngema na ndoo kichwani kizazi baada ya kizazi. Hata baada ya kuja bomba la mradi wa Makonde kutoka Mitema, bondeni Kitangari, nyumba nyingi bado zina kisima cha saruji uani cha kukingia maji ya mvua, maana bomba nalo lina siku zake.

Kwa hiyo nikisema nataka kuzungumza nawe juu ya askari wanaozama majini kutafuta ushahidi wa makosa ya jinai, pengine utakimbilia ukurasa wa mapishi. Ngoja kwanza. Visima vya uani tunavyo. Malambo tunayo. Wenzetu wa upande wa Masasi na Nanyumbu wanao mto Ruvuma wenyewe, wenye mamba na mchanga unaohama. Na kila penye maji, ipo siku mtu atatupa humo kitu asichotaka kionekane. Au kwa huzuni zaidi, atatupwa mtu. Siku hiyo wa kwanza kufika si polisi. Ni mama aliyekwenda kuchota.

Kazi ya kupapasa

Wengi tumeona wazamiaji katika sinema: maji ya buluu, samaki wa rangi, taa inayomulika mpaka mbali. Kazi ya polisi si hiyo. Katika mto wenye tope, katika lambo au bandarini, mzamiaji akishashuka mita chache haoni kiganja chake mwenyewe. Taa haimsaidii sana, kwa kuwa mwanga hugonga tope ukamrudia usoni kama taa za gari kwenye ukungu. Na akikanyaga chini mara moja tu, tope hufumuka, basi. Yanayobaki ni vidole.

Kazi yenyewe huanzia nchi kavu. Kabla mtu hajalowa, wapelelezi huuliza maswali mengi: shahidi alikuwa wapi, aliyetupa alisimama wapi, mto ulikuwa umejaa au umekauka. Wengine huchukua kitu chenye uzito kama wa kile kinachotafutwa wakakitupa kutoka mahali pale pale, waone kinaangukia wapi. Bastola au panga huenda chini moja kwa moja na kukaa karibu na pale lilipoangukia. Mwili wa mtu katika maji yaliyotulia nao huzama karibu na mahali alipoonekana mara ya mwisho, lakini mtoni mkondo huuburura mpaka ushikwe na mzizi au jiwe.

Wakishaligawa eneo, hulaza chini kamba yenye vizito. Mzamiaji huishika kamba hiyo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapapasa mbele na pembeni, kidogo kidogo, kama mama anayechambua mchele gizani. Akifika mwisho kamba husogezwa hatua ndogo, naye anarudi. Juu ukingoni yuko mwenzake aliyeshika kamba nyingine iliyofungwa mwilini mwa yule wa chini. Hawawezi kuitana, huvutana kamba kwa idadi waliyokubaliana, ya kusema niko salama, nimepata, nitoe. Yule wa juu hatakiwi kupiga soga na watazamaji. Ukimwona kanuna, mwache.

Na akipata kitu, hakimbilii kukitoa. Jambo hili huwachosha sana watu walio ukingoni, wakadhani askari anavuta muda. Kwanza hufunga boya dogo kuonyesha mahali. Panapimwa, panaandikwa, pakiwezekana panapigwa picha. Ndipo kitu hutiwa katika chombo kule kule chini, pamoja na maji yake, kikafunikwa na kupandishwa hivyo hivyo. Sababu ni kwamba chuma kilichokaa majini kikipata hewa hushika kutu upesi, na kutu hula alama. Wengi wetu tunaamini maji yanaosha alama za vidole. Si lazima. Mafuta yanayoachwa na vidole hayayeyuki katika maji, na maabara zina unga maalumu unaochanganywa na maji kisha ukanatia kwenye mafuta hayo hata kitu kikiwa bado kimelowa. Damu nayo hujificha katika nyufa za mpini wa panga. Aliyelisuuza panga akalitupa mtoni anaweza kuwa amesafisha bapa tu.

Kazi hii inaua. Ukishuka mita 10 baharini, uzito unaoubana mwili unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Ukishuka mita 40, ni mara tano. Hewa anayovuta mzamiaji kutoka kwenye mtungi huingia katika damu yake kwa wingi kuliko kawaida, na akipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Mapovu hayo yakiziba mishipa, mtu hupata maumivu makali ya viungo, hupooza, au hufa. Ndiyo maana hupanda taratibu, na ndiyo maana hakai chini muda mrefu hata kama familia nzima inalia ukingoni. Ziwani na mitoni kuna kichocho pia. Kwetu Ruvuma, ongeza mamba na kiboko.

Machimbo ya Kware

Hapa kwetu kazi hii iko mikononi mwa Kikosi cha Polisi Wanamaji, na katika maafa makubwa hushirikiana na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na wanamaji wa JWTZ. Vikosi hivyo haviko kila wilaya. Mara nyingi atakayezama kwanza ni kijana wa kijijini anayejua kuogelea, na nia yake ni njema. Yanayoweza kutokea hapo tuliyaona kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwezi Julai 2024, katika mtaa wa Kware, Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi, miili ya wanawake ilianza kuonekana ndani ya machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji na takataka. Ilikuwa imefungwa katika magunia ya nailoni kwa kamba. Iliripotiwa kwamba ndugu wa dada mmoja aliyepotea alisimulia kuwa alimwona ndotoni akiomba atafutwe machimboni, na familia ikaomba msaada wa vijana wa pale. Sitaki kubishana na ndoto ya mtu aliyefiwa. Vijana wale walishuka katika maji machafu bila mavazi wala vifaa, wakavuta gunia baada ya gunia kwa kamba mpaka juu, mbele ya umati. Kituo cha polisi kilikuwa umbali wa chini ya mita 100. Fikiria hasira ya wananchi. Kulikuwa na mabomu ya machozi, na wachunguzi walikuwa wakiomba eneo lifungwe wakati watu hawana tena imani nao.

Mimi siwalaumu vijana wale. Waliwaona dada zao wamo majini wakasema hawatangoja mtu. Lakini kama muuguzi najua kilichopotea. Magunia yaliyotolewa hivyo huvuja, na vitu vidogo, kama unywele, kucha au uzi wa nguo ya muuaji, hutoka na maji. Baadhi ya miili haikuwa kamili, ni viungo tu, hata kuhesabu waliouawa ikawa kazi ngumu, na ilibidi vipimo vya vinasaba vitumike ili kila familia ipate wake. Mzamiaji aliyefunzwa huuingiza mwili ndani ya mfuko wake kule kule chini, mfuko unaochuja maji ukabakiza kila kilichomo. Kama gunia limefungwa, halifunguliwi. Fundo la kamba nalo ni shahidi. Kila mtu ana namna yake ya kufunga fundo, hata sisi katika kufunga mzigo wa kuni.

Mshukiwa alikamatwa siku chache baadaye. Polisi walisema amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake akasema aliteswa akubali. Mwezi Agosti 2024 akatoroka kituoni. Sasa unaona uzito wa jambo: maungamo peke yake yanaweza kubishaniwa, mtu anaweza kukimbia, shahidi anaweza kuogopa. Kitu kilichotolewa majini kwa utaratibu, kikaandikwa na kutiwa lakiri, hakiogopi mtu.

Kenya hiyo hiyo kuna kesi nyingine inayoonyesha upande wa pili. Mwezi Juni 2016 wakili Willie Kimani, pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, walitekwa baada ya kutoka mahakamani Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walipigwa na kuuawa, si kwamba walikufa maji. Mwaka 2022 watu wanne walitiwa hatiani, watatu kati yao wakiwa askari polisi. Waliotegemea mto uwafichie walikuwa watu wa sheria wenyewe.

Mwili unavyosema, na sisi tunavyouziba mdomo

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo penye kazi yetu.

Katika miaka yangu ya uuguzi nimepokea maiti za majini zilizoletwa tayari zimeoshwa, zimepakwa mafuta, zimevishwa nguo safi. Ni upendo huo. Mama hawezi kumwona mwanawe ana tope puani akamwacha. Lakini mtu aliyekufa maji mara nyingi hutoka povu jeupe, au lenye wekundu kidogo, mdomoni na puani. Povu hilo ni mchanganyiko wa maji, hewa na ute wa mapafu, na huashiria kwamba pengine alikuwa bado anapumua alipoingia majini. Si jibu la mwisho, lakini daktari analitaka. Ukilifuta kwa khanga, umelifuta. Mchanga au majani aliyoyashika mkononi husema kwamba alitapatapa. Chini ya kucha panaweza kuwa na ngozi ya aliyemkaba. Kwa hiyo mikono hufungwa mifuko kabla mwili haujasafirishwa, na sisi tunakuja na sabuni.

Yapo pia mambo yasiyosema kitu, nasi tunayasemesha. Viganja vilivyokunjamana si dalili ya kufa maji. Ngozi ya maiti yoyote iliyokaa majini hukunjamana. Mwili huzama kwanza, kisha gesi za tumboni huupandisha. Katika maji yetu ya joto huwa ni baada ya siku mbili, tatu hivi. Kuibuka kwake hakuna uhusiano na aliyeita jina lake au aliyepiga ngoma ukingoni.

Na lipo hili ambalo ndilo hasa limenishikisha kalamu. Samaki na kaa huanza na sehemu laini: midomo, kope, masikio, na kwa wanaume na wanawake sehemu za siri. Maiti ikipatikana haina midomo, kijiji husema nini? Husema wamekata viungo, huu ni uchawi. Kisha macho yote hugeukia nyumba ya bibi fulani, mjane, anayeishi peke yake, aliyewahi kugombana na marehemu kuhusu mikorosho. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka yote ya kupikia watu. Huku kusini nasi hatuna cha kujivunia. Tunajua jinsi jina la mtu linavyotajwa kwenye matanga, kwa sauti ya chini.

Daktari anayeukuta mwili kama ulivyotoka majini anaweza kutofautisha jino la samaki na makali ya kisu, na jeraha la kabla ya kufa na lile la baadaye. Hata yeye ana shida, maana maji huosha damu ya jeraha likaonekana kama limetokea baada ya kifo. Ndiyo maana anahitaji maelezo ya mzamiaji: mwili ulikuwa umelala vipi, ulikuwa umenaswa na nini, kulikuwa na jiwe lenye ncha mahali hapo au la. Karatasi hiyo moja inaweza kumwokoa bibi wa watu asichomewe nyumba. Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema uchunguzi wa maiti ni kumdhalilisha marehemu, namwuliza: na bibi je?

Kungoja

Lililo gumu kuliko yote ni kungoja, na katika kungoja mama huwa ndiye anayesukumwa na ndugu aseme tuzike, tumalize.

Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kivuko cha MV Harambee, Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake mdogo. Lilizama karibu mita 58, ambako uzito wa maji hukaribia mara saba ya ule wa juu, katika mkondo mkali unaopitwa na meli. Wazamiaji wa jeshi la majini la Kenya na wa taasisi nyingine walifanya kazi, na baadaye wakaja wengine kutoka Afrika Kusini. Ilikuwa tarehe 11 Oktoba gari lilipotolewa. Siku 13. Watu walitukana sana, na mengine yalistahili kusemwa, hasa juu ya kutokuwa na vifaa mapema. Lakini kuzama mita 58 hakuharakishwi kwa matusi.

Sisi nasi tunakumbuka MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko cha abiria 101 kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Waliokufa walifika 228. Siku mbili baadaye, wakati kazi ilikuwa ni ya kutoa maiti, wazamiaji walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai, amebaki katika chumba chenye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Waliolia walilia upya. Na hapo hapo uchunguzi ulikuwa umeshaanza: nani alikuwa anaendesha, nani aliruhusu mzigo ule, na Rais Magufuli alikuwa ameagiza wahusika wakamatwe. Mzamiaji yule yule anatafuta mtu na anatafuta sababu.

Turudi uani

Huku kwetu, pengine hutaona mzamiaji maishani mwako. Utakaloliona ni kisima cha uani chenye kitu ndani. Basi nakuomba mambo machache, dada.

Kama ni mtu na inawezekana kabisa kwamba yu hai, okoa, ushahidi baadaye. Lakini usimruhusu mtu kuruka kisimani. Kisima kilichofunikwa muda mrefu hukosa hewa nzuri, na tumezika ndugu wawili watatu katika shimo moja, kila mmoja akimfuata mwenzake. Tumia ngazi, gudulia tupu la plastiki lililofungwa kamba, mti mrefu, na piga kelele. Akitoka hapumui, mpulizie pumzi na mkandamize kifua. Usimning'inize kichwa chini wala usimzungushe.

Kama ni dhahiri amekufa zamani, au ni panga, simu au mfuko, acha hapo hapo. Weka mtu mzima mlangoni, mwite mwenyekiti wa kijiji, naye aite polisi. Simu iliyookotwa majini isiwashwe wala isichajiwe kujaribu kama nzima. Kisu kisifutwe. Kama kimeshatolewa, kitie katika ndoo yenye maji yale yale, funika, na ukumbuke ni mikono ya nani iliyokigusa. Polisi watakuuliza na hakuna ubaya kusema. Watoto wasogezwe mbali. Sheria yetu inataka kila kifo kisicho cha kawaida kipelekwe polisi kabla ya maziko, na mwili usioshwe mpaka mganga auone. Mchungaji, padri au shehe atangoja. Nimewaona wakingoja kwa saburi kuliko wajomba.

Kwa kisima kidogo, polisi mara nyingi hawahitaji kuzamisha mtu. Huvuta maji yote kwa pampu au kwa ndoo, wakachuja kwa wavu, na tope la chini wakalipekua kwa mkono. Nami najua maana yake kwa mama wa Newala mwezi wa Agosti. Maji yale ndiyo ya mpaka mvua za Desemba. Mwenye nyumba anaweza kukataa, si kwa sababu anaficha kitu, ila kwa sababu watoto watakunywa nini. Kabla ya kumnyooshea kidole, heri majirani wakubaliane ndoo ngapi kila nyumba itampelekea kwa wiki, na mwenyekiti aandike. Maji yaliyotolewa yasirudishwe kisimani hata yakionekana safi, na yasinyweshwe mifugo. Baada ya polisi kuruhusu, kuta zisuguliwe kwa brashi na maji yenye dawa ya klorini, zisuuzwe, kisima kiachwe kikauke kikiwa kimezibwa watoto wasiingie, na mvua ya kwanza isikingwe. Iachwe ioshe bati na mfereji. Ya pili ndiyo ikingwe.